Jacob Bjerknes: Mtu Aliyeunganisha Bahari na Hewa

Mtahiniwa, kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Wasifu mzuri hauishii kwenye tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Unaeleza mhusika alikuta nini duniani, akafanya nini, na dunia ilibadilika vipi baada ya kazi yake. Soma wasifu huu mara mbili: mara ya kwanza ufuate maisha ya mhusika, mara ya pili uzingatie sababu na matokeo. Maswali ya kujipima yako mwishoni.

Utangulizi

Kwa miaka mingi wavuvi wa Peru waliona kwamba, baada ya kila miaka kadhaa, bahari yao huwa na joto lisilo la kawaida na samaki hutoweka. Mbali sana na huko, nchini India, wataalamu wa hali ya hewa waliona kwamba mgandamizo wa hewa juu ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki hupanda na kushuka kwa kupokezana, kama watoto wawili waliokaa kwenye ncha za pembea ya ubao. Wavuvi walitazama maji na wataalamu walitazama hewa. Hakuna aliyejua kwamba wote walikuwa wakitazama pande mbili za jambo moja.

Aliyeziunganisha pande hizo ni Jacob Bjerknes (hutamkwa Byerk-nes), mwanasayansi wa Norwei aliyehamia Marekani. Ikiwa umewahi kusikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza uwezekano wa kuwapo kwa El Niño kabla mvua za vuli hazijaanza, basi umesikia matunda ya kazi yake.

Kuzaliwa na malezi

Jacob Bjerknes alizaliwa tarehe 2 Novemba 1897 katika jiji la Stockholm, Sweden. Wazazi wake walikuwa Wanorwei. Baba yake, Vilhelm Bjerknes, alikuwa akifundisha chuoni jijini humo. Babu yake, Carl Anton Bjerknes, alikuwa profesa wa hisabati aliyechunguza mwendo wa vitu vimiminika. Jacob alikulia katika nyumba ambamo mwendo wa maji na hewa ulikuwa mazungumzo ya kila siku.

Vilhelm alikuwa na wazo lililoonekana kuwa ndoto wakati ule. Mwaka 1904 alieleza kwamba hali ya hewa ya kesho inaweza kukokotolewa kwa kanuni za fizikia, ilimradi hali ya leo ipimwe vizuri. Mwaka 1913 alikwenda Leipzig, Ujerumani, kuongoza taasisi mpya ya utafiti. Mwaka 1916 Jacob naye alijiunga na baba yake huko.

Hapo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Wanafunzi na wasaidizi wa Vilhelm waliitwa jeshini mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, aliyekuwa akichunguza mistari ambapo pepo hukutana, aliuawa vitani. Jacob, kijana ambaye hajatimiza miaka 20, aliichukua kazi hiyo na kuiendeleza.

Bergen na mstari wa mbele wa hewa

Mwaka 1917 familia ilirudi Norwei na kuhamia Bergen, mji wa mvua nyingi unaotazamana na Bahari ya Atlantiki. Norwei haikuwa ikipigana, lakini vita vilikuwa vimevuruga uingizaji wa chakula. Serikali ilihitaji wakulima wavune kila kilichopandwa na wavuvi watoke baharini salama. Kwa sababu hiyo, mwaka 1918 vituo vingi vipya vya kupima hali ya hewa vilifunguliwa katika pwani ya magharibi, na ofisi ya utabiri ikaanzishwa Bergen. Jacob alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi humo, na baadaye akaiongoza.

Vituo vilipokuwa karibu karibu, ramani zilianza kuonyesha mambo ambayo hayakuwa yameonekana. Mwaka 1919 Jacob alichapisha makala fupi kuhusu muundo wa dhoruba za maeneo ya baridi. Alionyesha kwamba dhoruba hizo huzaliwa pale ambapo hewa baridi kutoka upande wa ncha ya dunia hukutana na hewa yenye joto kutoka kusini. Hewa hizo hazichanganyiki kwa urahisi. Husukumana kwenye mpaka, na kwenye mpaka huo ndiko mawingu na mvua hutokea. Kwa kuwa watu walikuwa wametoka kusoma habari za vita, mpaka huo ulipewa jina la mstari wa mbele, kama ule wa majeshi yanayopambana. Hadi leo ramani za utabiri za Ulaya na Amerika huchorwa kwa mistari hiyo.

Mwaka 1922, akiwa na mwenzake Halvor Solberg, alieleza jinsi dhoruba inavyozaliwa, inavyokua na inavyokufa. Mwaka 1924 alipata shahada ya uzamivu. Mwaka 1928 alimwoa Hedvig Borthen, nao wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1931 aliacha kuongoza ofisi ya utabiri, akawa profesa Bergen. Angeweza kubaki hapo, akiwa na heshima yake, hadi uzeeni.

Vita vyambadilishia makazi

Mwaka 1939 Jacob alisafiri na familia yake kwenda Marekani kutoa mihadhara. Ilikuwa safari ya miezi michache tu. Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa.

Alipewa kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hapo alianzisha mafunzo ya sayansi ya hali ya hewa akishirikiana na Mnorwei mwenzake, Jørgen Holmboe. Wakati wa vita walifundisha maofisa wa hali ya hewa wa jeshi la anga la Marekani, kwa sababu ndege haziwezi kupangiwa safari bila utabiri. Vita vilipokwisha hakurudi Norwei kuishi, na mwaka 1946 akawa raia wa Marekani.

Zingatia jambo hili, mtahiniwa. Kuhamia Los Angeles kulimfanya mtu wa Atlantiki kuwa jirani wa Pasifiki, bahari kubwa kuliko zote duniani. Ugunduzi wake mkubwa wa pili ungetoka huko.

Fumbo la wavuvi wa Peru

Pwani ya Peru ni miongoni mwa sehemu zenye samaki wengi zaidi duniani. Sababu ni pepo zinazosukuma maji ya juu mbali na pwani, hivyo maji baridi kutoka kilindini kupanda kujaza nafasi. Maji hayo yana virutubisho vinavyolisha viumbe vidogo sana vya baharini. Viumbe hivyo huliwa na anchoveta, samaki wa jamii ya dagaa, na anchoveta nao huliwa na samaki wakubwa na ndege wa baharini.

Baadhi ya miaka maji baridi hayapandi. Bahari hupata joto, dagaa hupotea, ndege hufa kwa njaa, na nchi kavu ya pwani ambayo kwa kawaida ni jangwa hukumbwa na mafuriko. Kwa kuwa joto hilo lilizoeleka kuonekana karibu na Krismasi, wavuvi waliliita El Niño, yaani mtoto wa kiume kwa Kihispania, wakimkusudia Mtoto Yesu.

Wataalamu wengi waliichukulia El Niño kuwa shida ya pwani ya Peru na Ekwado pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1950, tume ya kimataifa inayoshughulikia uvuvi wa jodari katika Pasifiki ilimwomba Bjerknes aichunguze. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, naye alijulikana kwa kazi ya hewa, wala si ya bahari. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu aliuliza swali ambalo wenyeji wa taaluma hawakuwa wamelitilia maanani: je, joto hili linaishia wapi?

Alianza na kumbukumbu za vipimo vya joto la maji vilivyochukuliwa na meli kati ya miaka 1935 na 1957. Kazi hiyo haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa kukusanya, kupanga na kulinganisha namba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961. Wakati huohuo alikuwa akichunguza kwa njia hiyo uhusiano wa hewa na maji katika Atlantiki ya Kaskazini.

Bahati ilimsaidia pia. Kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958 nchi nyingi zilishirikiana kuipima dunia katika mpango ulioitwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Katika kipindi hichohicho El Niño kubwa ilitokea. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na vipimo vya kutosha, navyo vilionyesha kwamba joto halikuishia pwani ya Peru. Lilienea maelfu ya kilomita kando ya Ikweta hadi katikati ya Pasifiki.

Kumbukumbu za Gilbert Walker

Ili kuelewa hatua iliyofuata, turudi nyuma kidogo. Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1868, alianza kuongoza idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904. India ilikuwa imetoka katika njaa kali iliyosababishwa na kukosekana kwa mvua za monsuni. Walker alitaka kujua kama kuna njia ya kutabiri mwaka wa ukame. Alilinganisha kumbukumbu za vituo kutoka sehemu nyingi za dunia, akagundua ile pembea ya mgandamizo wa hewa tuliyoitaja mwanzoni. Katika miaka ya 1920 aliipa jina linalomaanisha mbembeo wa kusini.

Wengi hawakumwamini. Namba zake zilionyesha kwamba jambo lipo, lakini hakuweza kueleza kinacholisababisha. Alifariki mwaka 1958 bila jibu.

Ugunduzi

Mwaka 1966, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 1969, Bjerknes alitoa jibu. Hoja yake ina hatua nne. Zishike vizuri.

Kwanza, katika hali ya kawaida maji ya Pasifiki upande wa magharibi, karibu na Indonesia, yana joto kuliko yale ya mashariki karibu na Ekwado na Peru. Tofauti inaweza kufikia takribani nyuzi 8 za Selsiasi.

Pili, hewa iliyo juu ya maji ya joto hupanda na kuleta mvua huko magharibi. Hewa iliyo juu ya maji baridi hushuka upande wa mashariki. Mzunguko hukamilishwa na pepo za biashara, ambazo huvuma juu ya bahari kutoka mashariki kwenda magharibi. Bjerknes aliuita mzunguko huu kwa jina la Walker, ili heshima imwendee aliyetangulia.

Tatu, pepo hizo nazo huyasukuma maji ya joto kwenda magharibi, na kuyaacha maji baridi yapande upande wa mashariki. Kwa hiyo tofauti ya joto huzaa upepo, na upepo huilinda tofauti ya joto. Bahari huiendesha hewa, na hewa huiendesha bahari.

Nne, ikitokea maji ya mashariki yakapata joto, tofauti hupungua. Tofauti ikipungua, pepo hulegea. Pepo zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki na maji baridi hayapandi tena, hivyo joto la mashariki huongezeka zaidi. Badiliko dogo hujilisha lenyewe hadi likawa El Niño.

Ushahidi mmojawapo ulitoka Canton, kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki karibu na Ikweta. Kumbukumbu za kituo cha hapo zilimwonyesha kwamba bahari ilipokuwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, mvua ziliongezeka. Alilinganisha pia El Niño za 1957–58, 1963–64 na 1965–66, akaona mtiririko uleule. Kisha akaeleza kwamba joto hilo la Ikweta huweza kubadili njia za pepo na dhoruba hata katika maeneo ya mbali sana na tropiki.

Hivyo El Niño ya wavuvi na mbembeo wa Walker vikawa jambo moja.

Alichokiacha bila jibu

Bjerknes hakudai kujua kila kitu. Maelezo yake yalionyesha jinsi El Niño inavyokua, lakini hayakuonyesha kwa nini hufika mahali ikageuka na bahari ikarudi kuwa baridi. Yeye mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba sehemu hiyo ilikuwa bado haijaeleweka vizuri. Kukiri huko hakukumpunguzia heshima. Kuliwaonyesha waliomfuata mahali pa kuanzia.

Mwaka 1966 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Aliishi hadi kuona gharama halisi ya jambo alilolieleza. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta. Kisha ikaja El Niño ya 1972–73, ikakuta samaki wamekwishavuliwa kupita kiasi, na uvuvi huo ukaporomoka. Maelfu ya watu waliokuwa wakiutegemea waliathirika.

Jacob Bjerknes alifariki Los Angeles tarehe 7 Julai 1975, akiwa na umri wa miaka 77.

Baada ya kifo chake

El Niño kubwa ya 1982–83 iliwashtukiza wanasayansi, kwa sababu bahari haikuwa ikipimwa vya kutosha. Kuanzia mwaka 1985 mpango wa kimataifa wa miaka 10 ulisambaza maboya ya kupima joto la maji na upepo kando ya Ikweta katika Pasifiki. Wakati huohuo wataalamu waliiingiza hoja ya Bjerknes katika kompyuta na kuanza kuitabiri El Niño miezi kadhaa kabla. El Niño ya 1997–98 ilipokuja, ilifuatiliwa hatua kwa hatua tangu mwanzo.

Sisi tuliokuwa wadogo Afrika Mashariki wakati huo tunaikumbuka kwa njia nyingine: mvua zisizokoma, barabara zilizokatika, na neno geni lililogeuka kuwa la kila mtu. Miaka ya El Niño huelekea kuongeza mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Lakini tahadhari: si kila El Niño huleta mafuriko kwetu, kwa kuwa joto la Bahari ya Hindi yenyewe nalo lina mchango mkubwa. Ndiyo maana utabiri huzungumzia uwezekano, na kazi yetu ni kusafisha mitaro na kuhama mabondeni kabla, badala ya kusubiri maji yafike mlangoni.

Usichanganye pia El Niño na ongezeko la muda mrefu la joto la bahari. El Niño huja na kuondoka, kwa kawaida kila baada ya miaka 2 hadi 7. Ongezeko la muda mrefu husababishwa na gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi hizo. Lakini somo la Bjerknes linahusu yote mawili: bahari ikipata joto, madhara hayabaki baharini. Hewa huyachukua na kuyapeleka kwa mkulima ambaye huenda hajawahi kuiona bahari.

Mambo ya kukumbuka

1. 1897: kuzaliwa Stockholm. 1919: makala kuhusu muundo wa dhoruba. 1940: anabaki Marekani baada ya Norwei kuvamiwa. 1966 na 1969: makala za kuunganisha bahari na hewa. 1975: kifo.
2. Alitumia kumbukumbu za watu wengine: mabaharia, wapimaji wa vituoni na Walker. Mchango wake ulikuwa kuonyesha uhusiano.
3. Katika mtihani, mtahiniwa anayetaja mambo mawili hupata alama. Anayeeleza jinsi la kwanza linavyosababisha la pili hupata alama zaidi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini vituo vingi vya hali ya hewa vilifunguliwa Norwei mwaka 1918.
2. Wavuvi wa Peru na Gilbert Walker kila mmoja aliona nini? Ni nini ambacho hawakukiona?
3. Kwa maneno yasiyozidi 80, fupisha hatua nne za hoja ya Bjerknes.
4. Taja matukio mawili ya vita yaliyobadili maisha ya Bjerknes, na ueleze matokeo ya kila moja.
5. Tofautisha El Niño na ongezeko la muda mrefu la joto la bahari.
6. Mtu kijijini kwenu anasema utabiri ni uongo kwa sababu mwaka jana mvua zilizotabiriwa hazikufika. Andika aya moja ya kumjibu kwa heshima, ukitumia hoja kutoka katika wasifu huu.